Krismasi Tatu za Kanali Potter

Kanali Sherman Potter aliripoti kazini katika hospitali ya kijeshi nambari 4077, nchini Korea, tarehe 19 Septemba 1952. Tarehe hiyo inatajwa waziwazi katika kipindi cha komedi ya runinga ya M*A*S*H kilichorushwa Marekani mwezi Septemba 1975, siku mzee huyo mpenda farasi alipoingia kambini na kukuta madaktari vijana wanaomtazama kwa mashaka. Vita vya Korea vilisimamishwa kwa mkataba uliotiwa saini tarehe 27 Julai 1953. Kati ya tarehe hizo mbili kuna Krismasi moja tu.

Potter alisherehekea tatu. Ya kwanza ilionyeshwa Desemba 1978, ya pili Desemba 1980, ya tatu Desemba 1981, na mara zote yumo kambini akiwa kamanda, na madaktari ni walewale. Wiki mbili baada ya ile ya 1980, kikarushwa kipindi kinachofuata mwaka mzima wa vita, kuanzia usiku wa tarehe 31 Desemba 1950 hadi usiku kama huo wa mwaka 1951. Potter yumo humo tangu mwanzo, akiwakaribisha wenzake katika mwaka mpya, zaidi ya mwaka mmoja na nusu kabla ya siku aliyoripoti.

Kipindi hicho cha mwaka mzima kina jambo la ajabu zaidi, nalo ni kwamba historia yake ya nje ni sahihi kabisa. Koplo Klinger anamshawishi Meja Winchester aweke fedha zake kwa timu ya besiboli ya Brooklyn Dodgers, na Dodgers wanaanguka dakika za mwisho kwa pigo la Bobby Thomson wa New York Giants. Pigo hilo lilipigwa kweli, tarehe 3 Oktoba 1951, na Wamarekani wanalikumbuka hadi leo. Waandishi walilipata sawasawa. Lakini Winchester aliyepoteza fedha hakupaswa kuwapo Korea siku hiyo, kwa kuwa alikuja kuchukua nafasi ya Meja Frank Burns, na Burns alikuwa amefanya kazi kwanza chini ya Potter. Daktari B.J. Hunnicutt naye hakupaswa kuwapo, maana aliingia kambini siku chache tu kabla ya Potter. Kwa hiyo mchezo wa besiboli uko mahali pake katika kalenda ya dunia, na watu watatu wanaoufuatilia redioni hawako mahali pao katika kalenda ya hadithi yao wenyewe.

Mashabiki wa komedi za runinga wamekuwa wakikusanya makosa ya namna hii kwa miaka mingi. Wengine huyakusanya kwa furaha, wengine kwa hasira, na mara nyingi yote huwekwa kapu moja: kikombe kilichohama mezani, mama aliyefutwa, vita vilivyonyooshwa. Hayo hayana uzito mmoja. M*A*S*H ndiyo tamthilia inayoonyesha tofauti hiyo vizuri kuliko nyingine yoyote, kwa sababu ilikuwa komedi iliyokaa juu ya tukio la kweli lenye tarehe, maiti na mashahidi.

Chimbuko lake ni riwaya ya mwaka 1968 ya Richard Hooker. Hilo ni jina la uandishi la H. Richard Hornberger, daktari mpasuaji aliyehudumu katika mojawapo ya hospitali zile zilizohamahama nyuma ya mstari wa mbele. Mwaka 1970 Robert Altman akaitengenezea filamu. Mwaka 1972 Larry Gelbart na Gene Reynolds wakaileta kwenye runinga ya CBS, na ikadumu misimu 11, vipindi zaidi ya 250, hadi Februari 1983.

Vita vyenyewe vilidumu miezi 37.

Makosa mengi ya tarehe yametoka katika hesabu hiyo. Hakuna mwandishi, hata awe mwangalifu namna gani, awezaye kutandaza miaka mitatu ya vita juu ya miaka zaidi ya kumi ya matangazo bila kitambaa kuchanika. Alan Alda, aliyeigiza Kapteni Hawkeye Pierce, alikuwa na umri wa miaka 36 tamthilia ilipoanza na miaka 47 ilipomalizika. Hawkeye alipaswa kuzeeka kwa miaka mitatu tu. Nywele zake zikaota mvi vitani, na wauguzi wa mwaka 1951 wakatembea kambini na mitindo ya nywele ya saluni za Los Angeles za miaka ya sabini.

Pia watu walibadilika nyuma ya kamera. Gelbart aliondoka baada ya msimu wa nne, Reynolds baada ya wa tano, na usukani ukashikwa na Burt Metcalfe. Waandishi walioandika Krismasi ya 1980 hawakuwa walioandika barua za kwanza za Hawkeye kwa baba yake mwaka 1972. Kipindi kilikuwa kinarushwa mara moja, labda na marudio ya kiangazi, kisha kinaenda zake. Nyumba zenye mashine ya kurekodi video zilikuwa chache mno. Nani angekaa na kalamu kulinganisha sentensi ya mwaka 1975 na ile ya mwaka 1980?

Marudio ndiyo yaliyofichua yote, na marudio yana historia yake. Lucille Ball na mumewe Desi Arnaz walipoanzisha I Love Lucy mwaka 1951, waliamua kuipiga kwenye filamu halisi, kwa kamera tatu, mbele ya watazamaji waliokaa studioni. Wakati huo vipindi vingi vilirushwa moja kwa moja na kupotea hewani. Filamu ilihifadhika, ikarudiwa, ikauzwa kwa vituo vingine, na biashara ya komedi ikapata mguu wa pili. Humo humo ndimo mtazamaji alimoanza kusikia kwamba jirani wa Lucy, Ethel Mertz, jina lake la kati hubadilika kila waandishi wanapolihitaji. Kilichoufanya uigizaji ule uishi ndicho kilichoyafanya makosa yake yaishi.

Makosa madogo kabisa hutokana na jinsi komedi inavyopigwa. Friends, kwa mfano, ilipigwa mbele ya watazamaji kwenye studio za Warner Bros. huko Burbank, California. Onyesho moja hurudiwa mara kadhaa. Mhariri akiingia chumbani kwake, anatafuta mara ile mwigizaji alipolipata neno kwa wakati wake na watazamaji wakaangua kicheko cha kweli. Ikiwa katika mara hiyo kikombe kilikuwa mkono wa kushoto, na katika picha iliyotangulia kilikuwa wa kulia, kicheko ndicho kinachoshinda. Kila studio ina mtu wa kontinyuiti, ambaye kazi yake ni kuandika nani alishika nini, kola ilikaaje, bilauri ilikuwa na maji kiasi gani; yeye huliona kosa na hulitaja. Mhariri hulijua na huchagua kicheko. Amechagua vizuri, kwa sababu komedi iliyopoteza pumzi yake ya kuchekesha haiokolewi na bilauri iliyokaa sawa.

Friends hiyohiyo ina makosa ya daraja la pili, yanayogusa maisha ya wahusika. Nyumba ya Monica ilianza na nambari 5 mlangoni, kisha ikawa 20, kwa sababu watengenezaji waligundua kwamba watu wake wanatazama mji kutoka ghorofa ya juu na nambari 5 haiendani na urefu huo. Hilo ni sahihisho zuri. Ross naye anasema ana miaka 29 katika msimu wa tatu, wa nne na wa tano. Hilo si zuri, lakini halimuumizi mtu. Lililo zito zaidi ni la Chandler na Rachel. Katika kipindi cha kwanza kabisa, Septemba 1994, wanatambulishwa kama watu wasiojuana. Miaka minne baadaye tamthilia inarudi nyuma kuonyesha sikukuu za zamani za kutoa shukrani, na hapo wawili hao wameshakutana tangu enzi za chuo. Mtazamaji aliyependa jinsi kundi lile lilivyoundwa mbele ya macho yake anaambiwa kwamba lilikwishaundwa pasipo yeye, na hapo tamthilia imemnyang'anya kitu.

Komedi nyingine ziliwahi kumpoteza mtu mzima. Katika Happy Days, iliyoanza mwaka 1974, Richie Cunningham alikuwa na kaka mkubwa aitwaye Chuck, mchezaji wa mpira wa kikapu. Alipanda ngazi, akaacha kuonekana, na familia haikumtaja tena. Miaka kumi baadaye, katika kipindi cha mwisho, baba mtu anasimama kuzungumzia watoto wake kama kwamba Mungu alimjalia wawili tu.

Waandishi wa Frasier walilishughulikia kosa lao kwa heshima zaidi. Daktari Frasier Crane alipokuwa bado mhusika wa Cheers, mlevi wa maneno makubwa kwenye baa ya Boston, aliwahi kusema kwamba baba yake alikuwa mwanasayansi na amekwisha kufa. Mwaka 1993 akapewa tamthilia yake mwenyewe, na baba yake, Martin, yuko hai, ni polisi mstaafu, na anahamia nyumbani kwa mwanawe pamoja na kiti chake kikuukuu. Waandishi wangeweza kunyamaza. Badala yake, mwaka 1995 walimleta Sam Malone, mwenye baa ile ya Boston, aje kumtembelea, na Sam akauliza hapo hapo: kwani si ulisema baba yako amekufa? Frasier anakiri kwamba waligombana wakati ule na akasema uongo kwa hasira. Kwa jibu hilo moja kosa la waandishi likageuka kuwa dhambi ya mhusika, na dhambi hiyo inamfanania kabisa. Mtoto msomi anayemwonea haya baba yake polisi hadi kumzika kwa mdomo, hiyo ndiyo tamthilia yote kwa kifupi.

M*A*S*H haikulipa jibu kama hilo suala la familia ya Hawkeye. Katika msimu wa kwanza anamwandikia baba yake barua wakati wa Krismasi, na anatuma salamu kwa mama na dada. Baadaye dada anatoweka, Hawkeye ni mtoto wa pekee, na mama alifariki mwanawe akiwa bado mdogo. Hata nyumbani kwao kulihama kutoka jimbo la Vermont hadi kijiji cha Crabapple Cove, jimbo la Maine. Mke wa Kanali Henry Blake, kamanda aliyemtangulia Potter, aliitwa Mildred mwanzoni, kisha Lorraine. Halafu Potter akaja, na mke wake akapewa jina lile lile la Mildred.

La Mildred ni uzembe. La mama yake Hawkeye ni jambo jingine, na hapa wanaohesabu makosa wanapaswa kutua kidogo. Mwaka 1982 kilirushwa kipindi ambacho Hawkeye anasubiri habari kutoka Marekani, baba yake anafanyiwa upasuaji, na simu haipatikani kirahisi. Anayekaa naye usiku huo ni Winchester, tajiri wa Boston mwenye majivuno, ambaye hukohuko anakubali kwamba baba aliye naye yeye hakuwahi kuwa karibu naye kiasi kile. Hofu ya Hawkeye ina uzito kwa sababu mzee yule ndiye jamaa pekee aliyebaki. Mama na dada wa mwaka 1972 wangekuwa hai, mazungumzo yale yangepoteza nusu ya nguvu yake. Waandishi waliivunja kumbukumbu ya tamthilia na wakapata kitu bora kuliko walichokivunja.

Ni vilevile kwa saa, maana watu haohao walioipoteza kalenda waliweza kuwa wakali wa dakika. Novemba 1979 M*A*S*H ilirusha kipindi ambacho saa inatembea kwenye pembe ya skrini tangu mwanzo hadi mwisho. Askari ameletwa na helikopta, aota yake imejeruhiwa, na madaktari wana takriban dakika ishirini kabla miguu yake haijapooza. Wanahitaji kipande cha mshipa kutoka kwa askari mwingine ambaye jeraha la kichwa halitamwacha hai, naye bado anapumua, na rafiki yake amekaa kando yake. B.J. anapaswa kusubiri. Saa haisubiri. Kipindi kiliandikwa na Alda pamoja na Walter Dishell, daktari halisi aliyekuwa mshauri wa tiba wa tamthilia hiyo, na kila hatua ya upasuaji inachukua muda unaoonekana. Ndani ya chumba cha upasuaji, kama ilivyokuwa desturi ya tamthilia, vicheko vya kubandikwa havikuwekwa; CBS ilivitaka kwingineko kote, na watengenezaji walikataa visivuke mlango ule.

Na katika mojawapo ya zile Krismasi tatu, ile ya 1980, askari aliyepigwa risasi analetwa siku ya sikukuu. Hawezi kupona. B.J. anaona picha ya watoto wake na anaapa kwamba watoto hao hawataikumbuka Krismasi kila mwaka kama siku aliyokufa baba. Wanapambana kumshikilia hadi saa sita usiku ipite. Anakata roho kabla. Hawkeye anakwenda kwenye saa ya ukutani, anausogeza mshale mbele, na kifo kinaandikwa kuwa cha tarehe 26. Ni mojawapo ya Krismasi tatu ambazo kwa hesabu ya Potter haziwezi kutoshea zote. Mtu anayekitazama kipindi hicho na kukumbuka kwanza hesabu ya Septemba 1952 amekosa kilichowekwa mbele yake.

Baadhi ya nyuso zilirudi na majina mapya. Harry Morgan, kabla hajawa Potter, aliigiza mwaka 1974 jenerali mwenye akili iliyoyumba katika kambi ileile, na aliigiza vizuri kiasi cha kuajiriwa moja kwa moja mwaka uliofuata. Hawkeye hamtambui kamanda wake mpya. Hilo mtazamaji hulisamehe kwa tabasamu. Lakini Mako, mzaliwa wa Japani, na Soon-Tek Oh, mzaliwa wa Korea, nao walirudishwa mara kadhaa kwa majina tofauti, leo Mchina, kesho Mkorea wa Kaskazini, keshokutwa wa Kusini. Hapa tabasamu linapungua. Morgan alirudi kwa sababu uso wake ulipendwa. Waigizaji hawa walirudi, yaelekea, kwa sababu ilidhaniwa kwamba hakuna atakayeikumbuka sura ya Mwasia, na hilo lilitendeka katika tamthilia ambayo hadithi yake imewekwa juu ya ardhi ya Wakorea.

Kosa kubwa kuliko yote la M*A*S*H halimo katika tarehe. Katika vipindi vya mwanzo vya mwaka 1972, ndani ya hema walilolala Hawkeye na daktari mwenzake Trapper John, alilala pia daktari mweusi, Kapteni Jones, bingwa wa upasuaji, akiigizwa na Timothy Brown, mchezaji wa zamani wa mpira wa Kimarekani. Mhusika huyo alitoka kwenye riwaya na kwenye filamu, akiwa na jina la utani la matusi ya rangi ambalo hakuna mwandishi wa leo angethubutu kulitumia. Baada ya vipindi vichache akaondolewa bila kuagwa, kama Chuck Cunningham. Sababu iliyotolewa ilikuwa uaminifu kwa historia: kwamba utafiti wa watengenezaji haukuwaonyesha mpasuaji mweusi yeyote katika hospitali zile za Korea.

Walikosea. Madaktari weusi walihudumu Korea, wapasuaji wakiwamo. Rais Harry Truman alikuwa ameamuru jeshi liache ubaguzi tangu Julai 1948. Amri ilitekelezwa polepole, hivyo Kikosi cha 24 cha askari wa miguu, cha weusi, kilipigana Korea hadi kilipovunjwa Oktoba 1951. Weusi wengine walitoka mbali zaidi: mwaka 1951 Ethiopia ilipeleka kikosi chake cha Kagnew kupigana chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa. Damu nyeusi ilifika kwenye meza za upasuaji za Korea, na mikono myeusi iliyoshika kisu ilikuwapo.

Hapa ndipo mizani inapoelemea upande mmoja. Tamthilia iliyoruhusu kanali ahudhurie mwaka mpya kabla hajafika, iliyompa Hawkeye dada na kumnyang'anya, iliyovaa nywele za miaka ya sabini katika miaka ya hamsini, iliamua kuwa kali kuhusu historia katika jambo moja, na katika jambo hilo ikamfuta mtu mweusi. Brown alipoteza kazi. Watazamaji, ambao kwa mamilioni yao walijifunza vita vya Korea zaidi kutoka kwenye tamthilia hii kuliko kutoka kwenye kitabu chochote, walipoteza ukweli wa nani alikuwapo.

Tarehe 28 Februari 1983 CBS ilirusha kipindi cha mwisho, kirefu cha saa mbili na nusu. Moto wa nyikani ulikuwa umeiteketeza kambi ya maigizo katika vilima vya Malibu Oktoba iliyotangulia, na waandishi waliuingiza moto huo kwenye hadithi badala ya kujifanya kambi ingali nzima. Walijua kushughulika na ukweli uliowajia ghafla. Watu zaidi ya milioni 100 walitazama Marekani, idadi ambayo haikuwahi kufikiwa na tamthilia yoyote nchini humo. Katika miaka yote iliyokuwa imepita tangu Kapteni Jones aondolewe, hakuna mpasuaji mweusi aliyepewa tena kitanda cha kudumu katika mahema ya 4077.